Chumba Kati ya Ghorofa Mbili

Kabla ya kufika Brussels sikujua kwamba nyumba moja inaweza kuwa na ghorofa tatu kwa mbele na tano kwa nyuma. Matofali niliyajua. Baba yangu alikuwa mwashi Lubumbashi, na nilikua kati ya tanuri na marundo ya udongo wa vichuguu, udongo ambao mafundi wa kwetu wanausifu kuliko wowote kwa kufyatulia matofali. Kwa hiyo siku niliposimama mara ya kwanza mbele ya safu ile ya nyumba kumi na mbili huko Anderlecht, zote za matofali mekundu, zote zimebanana bega kwa bega, nilijiambia: hapa sitapotea.

Nilipotea kabla ya saa sita mchana. Nyumba zile zilijengwa zaidi ya miaka mia iliyopita, na aliyezijenga alizipanga mbili mbili, kama mtu na sura yake kwenye kioo: moja ina mlango kushoto, inayofuata ina mlango kulia, kisha kushoto tena. Nilikuwa nimetoka kununua mkate. Nikarudi nikihesabu milango badala ya kusoma namba, nikachomeka ufunguo. Uliingia, lakini ukakataa kuzunguka. Nikausukuma, nikaubembeleza, nikauvuta.

"Eh, mutoto!" sauti iliita kutoka dirisha la pembeni. "Unaibia nani kule?"

Ndiyo namna nilivyoijua vizuri sauti ya Maman. Alikuwa mwanamke mtu mzima wa Bukavu, aliyeingia Ubelgiji miaka mingi kabla yangu kama mkimbizi, na miaka ile ya elfu mbili na kitu alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Sisi sote tuliopanga katika nyumba ile tulimwita Maman. Yeye ndiye aliyeniombea chumba kwa mwenye nyumba.

Ngoja nikueleze nyumba yenyewe taratibu, maana bila kuielewa hutaelewa matatizo yangu. Ukichanganyikiwa njiani usijali. Mimi niliishi mle ndani miaka minne, na bado huwa nachora kwanza kwenye karatasi.

Simama barabarani. Nyumba ni nyembamba, upana wake kama hatua nane za mtu mzima. Karibu na miguu yako, usawa wa njia ya waenda kwa miguu, kuna vidirisha vyenye nondo: hivyo ni vya jiko la chini, ambako zamani wapishi walipika wakiona viatu vya wapita njia. Juu ya kichwa chako kuna madirisha marefu kuliko mtu. Hapo ndipo sebule, iliyoinuliwa makusudi ili wewe wa barabarani usiweze kuchungulia. Juu yake safu nyingine ya madirisha, mafupi kidogo. Juu yake nyingine, mafupi zaidi. Mkanda mweupe wa mawe unapita katikati ya matofali mekundu, na hapa na pale kuna vipande vya chuma vilivyopinda, vimebandikwa ukutani. Nilidhani ni mapambo. Kando ya mlango kuna tundu lenye chuma butu, ambalo nilidhani ni la paka. Kumbe watu walikwangulia matope ya viatu pale kabla ya kuingia.

Sasa ingia. Unapanda ngazi saba za marumaru, unafika kwenye ujia mrefu wenye giza. Upande mmoja wa ujia kuna vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa: cha mbele kinapata mwanga wa barabara, cha nyuma kinapata mwanga wa ua, na cha katikati hakina dirisha hata moja, kinaishi kwa kuomba mwanga kwa wenzake. Vyote vitatu vilikuwa vya Maman.

Mwisho wa ujia kuna ngazi za mbao, na hapo ndipo akili yangu ilipokuwa ikigoma. Chukua masanduku matatu makubwa, yapange moja juu ya jingine. Hiyo ni nyumba ya mbele. Nyuma yake panga masanduku matano madogo mpaka yakaribiane kwa kimo. Hiyo ni nyumba ya nyuma, iliyoongezwa upande wa ua, yenye dari fupi. Ngazi zinapita katikati. Basi ukipanda, unakutana na mlango wa sanduku kubwa, halafu nusu ya ngazi unakutana na mlango wa sanduku dogo, halafu nusu nyingine sanduku kubwa tena. Milango ya mbele na milango ya nyuma haikutani kamwe.

Chumba changu kilikuwa sanduku dogo. Kilikuwa na kitanda, kabati, sinki, jiko dogo la umeme lenye sahani mbili, na dirisha lililotazama migongo ya nyumba za mtaa wa pili. Ukitoka kwa Maman unapanda ngazi kumi na moja, unanikuta. Ukipanda nyingine kumi, unakuta ghorofa ya mbele, alikoishi bwana mmoja mpweke aliyefanya kazi kwenye ghala.

Sasa tatizo. Nilikuja kwa ajili ya mafunzo ya usaidizi wa wagonjwa, na nilikuwa nimepata nafasi hospitalini, upande wa Woluwe. Barua ilisema wazi: mwanafunzi alete kadi ya ukaazi siku ya kwanza ya mafunzo, asipoileta nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Kadi inatolewa na komini, yaani ofisi ya mji wa mtaa wako. Na komini haitoi kadi mpaka polisi wa mtaa aje nyumbani bila kutoa taarifa, aone kwa macho yake kwamba unaishi kweli pale ulipoandika. Nilikuwa na wiki saba.

Kwenye fomu waliuliza: ghorofa ya ngapi? Nilirudi nyumbani na fomu hiyo, nikasimama kwenye ngazi. Nilihesabu kutoka barabarani, nikapata moja na nusu. Nilihesabu kutoka uani, nikapata ya tatu. Nilimuuliza Maman.

"Weye uko juu yangu, donc uko premier," alisema.

"Lakini yule bwana naye yuko juu yako, Maman."

"Yeye pia premier. Lakini weye uko premier ya nyuma, yeye premier ya mbele. Bon, andika premier. Wazungu walijenga wenyewe, watajua."

Nikaandika ghorofa ya kwanza.

Wiki ya pili polisi alikuja. Mimi nilikuwa chumbani, nakaanga vitunguu. Alipanda mpaka ghorofa ya kwanza kama fomu ilivyosema, akagonga kwa yule bwana wa ghala, akamuuliza kama kuna msichana anaishi hapo. Bwana yule, aliyekatishwa usingizi, akajibu kwa ukali kwamba hakuna msichana na hajawahi kuwapo. Polisi akashuka, akapita mlangoni pangu bila kugonga, kwa sababu mlango wangu haukuwa ghorofa yoyote. Aliacha karatasi kwenye sanduku la barua: hakunikuta, atarudi Alhamisi saa nne asubuhi, niwepo.

Mimi niliona ni bahati njema. Kumbe bahati ile, ya kujua siku na saa, ndiyo iliyotaka kuniangamiza.

Nilimwonyesha Maman karatasi. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akaivua.

"Mupolisi atakuya mpaka kule mu chumba?"

"Ndiyo, Maman. Anataka kuona ninapolala."

"Aone kitanda ya mutoto mwanamuke? Jamais! Atakaa hapa mu salon, atakunywa chai kama mutu."

"Lakini lazima apande."

"Bon, apande. Lakini asikute nguo inaning'inia, asikute sufuria. Aone fasi safi, chumba ya batu ya heshima. Si ndiyo anatafuta?"

Nilikubaliana naye kabisa, na nataka uelewe kwamba sikukubali kwa woga. Kwetu mgeni haonyeshwi unakolala wala unachopikia. Mgeni mkubwa akija, godoro linakunjwa, vyombo vinafichwa, watoto wanaoshwa miguu, na chumba kinabaki na viti na kitambaa. Tukimaliza tunasema sasa nyumba imekuwa nyumba. Mama yangu angemfungulia afisa wa serikali mlango huku kitanda hakijatandikwa? Afadhali angejifanya mgonjwa.

Basi Jumatano jioni tulianza. Maman alibeba mablanketi, mimi nikabeba godoro kichwani, tukashuka ngazi kumi na moja. Tukarudi tukachukua nguo zote. Tukarudi tukachukua sufuria, sahani, jiko la umeme, unga, viatu, sabuni. Hata mswaki wangu Maman aliuzungushia karatasi na kuushusha. Vyote tulivirundika katika kile chumba chake cha katikati kisicho na dirisha, tukafunga milango miwili ya kioo, na kwenye kioo Maman akatundika vitenge. Kisha akapandisha viti viwili, meza ndogo, kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na maua ya plastiki. Chumba changu kilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Nilikaa kwenye kiti kimoja, nikakitazama, nikajivuna. Usiku ule nililala sebuleni kwa Maman, kwenye kochi.

Alhamisi saa nne kengele ililia. Polisi alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na daftari dogo. Maman alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Alimkalisha sebuleni kwake, kwenye kiti kilichotazama dirisha, akamwekea chai na mandazi yenye joto, akamuuliza kwa Kifaransa chake cha taratibu habari za mama yake mzazi, na mvua, na miguu yake, kwa sababu kazi ya kutembea mitaani inaumiza miguu. Polisi alijibu yote. Alikula mandazi matano.

"Asante sana, madame," alisema hatimaye. "Sasa naomba mademoiselle anionyeshe anapoishi."

Tukapanda. Nilimwona akihesabu ngazi kwa midomo, kama mimi siku za kwanza. Kwenye mlango wangu alisimama, akatazama juu kulikokuwa na mlango wa bwana wa ghala, akatazama chini kulikokuwa na ujia wa Maman.

"Hii ni ghorofa gani?" aliniuliza.

"Sijui, monsieur."

"Hata mimi sijui," alisema, akatabasamu. Nikaona mambo yananyooka.

Nikafungua mlango. Tabasamu lake lilikwenda taratibu, kama taa ya mafuta inayoishiwa. Alitazama viti viwili. Alitazama maua. Alisogelea kitanda, ambacho kilikuwa mbao tupu, akapitisha kidole juu ya mbao. Akafungua kabati: hakuna kitu. Akagusa sinki, likawa kavu kabisa, Maman alikuwa amelipangusa.

"Unalala wapi?"

"Hapa, monsieur."

"Godoro liko wapi?"

"Chini."

"Nguo zako?"

"Chini."

"Na unapika wapi?"

"Hapa. Lakini jiko liko chini."

"Kila kitu ni safi, monsieur!" Maman aliita kutoka kwenye ngazi, kwa fahari.

Polisi aliandika kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nikisubiri anisifu. Alipofunga daftari, alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

"Mademoiselle, mimi naandika ninachokiona. Hapa sioni mtu."

Barua ya komini ilikuja wiki iliyofuata: ombi limekataliwa, hakuna dalili kwamba mhusika anaishi kwenye anwani hii. Nilimsomea Maman neno kwa neno, nikidhani nimekosea kusoma. Akapiga paja.

"Alikunywa chai yangu! Akakula mandazi tano! Anasema hakuna mutu? Yeye aliongea na nani?"

Nilikuwa nimebakiwa na wiki tatu. Nilikwenda komini, nikachukua namba, nikasubiri asubuhi nzima, na mwanamke wa dirishani akaniambia kwamba naweza kuomba polisi aje tena, lakini safari hii hataniambia siku.

"Nifanye nini akija?" nilimuuliza.

"Usifanye kitu," alisema. "Wewe ishi tu."

Ishi tu! Umewahi kujaribu kuishi tu, huku ukijua kwamba kuna mtu atakuja kukagua kama unaishi? Nilirudisha godoro, nguo na sufuria. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikatandika kitanda kama nilivyofunzwa tangu utoto, kisha nikasita. Je, kitanda kilichotandikwa kinaonyesha kwamba mtu amelala au kwamba hakuna aliyelala? Nikakitandua. Nikaona aibu, nikatandika upande mmoja. Nilifua nguo, nikazianika kwenye kamba juu ya sinki, nikazianua, nikazianika tena. Mpaka jioni sikujua tena kipi nilikuwa ninafanya kwa sababu yangu na kipi kwa sababu ya daftari.

Jumapili nilimpigia baba simu kwa kadi ya kukwangua. Alipenda kuulizia nyumba kuliko kuniulizia mimi, na safari hii nilimshukuru kwa hilo.

"Kuta ya pembeni iko na unene gani?" aliuliza.

"Hakuna kuta za pembeni, papa. Ukuta mmoja ni wetu na jirani."

"Eh! Na ile vyuma ya mbele, yenye kupinda?"

"Mapambo."

"Mapambo gani! Ile inashika mbao za sakafu, ukuta usianguke mu barabara. Ndani iko na mbao ndefu inavuta ule chuma. Na nyuma matafari yake iko namna gani?"

Nilichungulia dirishani. Nilimweleza kwamba nyuma hakuna mkanda mweupe wala urembo. Matofali yamepangwa harakaharaka, mengine yamepinda, saruji imemwagika, kuna mabomba nje, kuna dirisha lililozibwa, na mtu ametoboa ukuta kupitisha waya.

"Mimi wakiniita kuangalia nyumba, naanzaka nyuma," baba alisema. "Mbele ni ya kuonyesha. Nyuma utaona kama batu balikaa mule."

Kadi ya simu ikaisha. Nilibaki nimeshika simu, nikitazama ile migongo ya nyumba na kamba zao za nguo. Nilihisi kwamba nimeambiwa jambo la maana, ila sikuweza kulikubali lote. Kama ni hivyo, basi sisi tulimpokea polisi kwa heshima zote za kwetu, na yeye akaona mbele tu. Je, nimwonyeshe mgongo? Mtu wa serikali?

Alikuja Jumanne, saa moja asubuhi. Nilisikia hodi moja kwa moja kwenye mlango wangu. Safari hii alijua njia. Nilikuwa nimetoka kunawa uso. Kitanda kilikuwa kama kiota. Sufuria ya jana ilikuwa kwenye sinki na ukoko wa bugali, kikombe kilikuwa mezani na majani ya chai chini, na juu ya kamba kulikuwa na nguo ambazo sitazitaja hapa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye blanketi ili kutandika. Niliurudisha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile ya kuuacha mkono utulie. Nikafungua mlango.

Nyuma ya polisi, kwenye ngazi, Maman alikuwa anapanda mbio akiwa na kitenge mkononi.

"Monsieur, moja dakika! Moja dakika tu!"

Alipenya chini ya kwapa la polisi, akatandaza kitenge kwa mikono miwili mbele ya kamba, akasimama hivyo kama mlango wa hema. Alinitazama kwa jicho lililosema kwamba mama yangu, kule Lubumbashi, alikuwa anaona haya wakati huohuo.

"Maman, acha," nilisema polepole. "Acha aone."

"Aone nini? Aone kwamba hatukulelewa?"

"Aone ninaishi."

Hakushusha kitenge. Polisi hakumwomba akishushe. Alitazama kitanda, akatazama sufuria, akainama kuutazama ukoko kama daktari anayetazama koo. Akachungulia kikombe. Akaandika mistari miwili tu.

"Sawa," alisema. "Hapa kuna mtu." Kisha akauliza kama kwenye fomu anaweza kubadilisha neno la ghorofa, aandike *nyuma, kati ya chini na ya kwanza*. Nikamwambia aandike lolote analoona. Alipokuwa akiondoka alimwinamia Maman na kumshukuru tena kwa mandazi ya siku ile. Maman akakunja kitenge.

Alikaa kitini, kitenge mapajani.

"Nilimupa chai, akasema hakuna mutu," alisema. "Ulimupa sufuria chafu, anasema kuko mutu. Weye unasoma, nielezee."

Mimi ambaye napenda kueleza, ambaye nimekueleza wewe ngazi na masanduku na vyuma, sikuweza. Nilijaribu kusema kwamba anatafuta alama za siku za kawaida, na kila nilivyosema nilisikia maneno yangu yakiwa kama tusi kwake.

Kulikuwa na wiki mbili kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, na komini walisema kadi itachukua siku kumi. Nilijua mambo yamekwisha salama, lakini niliogopa. Vipi kama atarudi kuhakikisha? Sufuria niliiosha, maana ilikuwa inanuka. Kikombe sikukiosha. Nilikiacha pale mezani na majani yake, na kila siku Maman alipopanda kuniletea kitu alikitazama, akanitazama, akashuka.

Kadi ilitoka Ijumaa. Mafunzo yalikuwa yanaanza Jumatatu. Niliipeleka nyumbani nikiwa nimeishika mkononi njia nzima ya metro. Maman aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akasoma jina langu kwa sauti. Halafu akanirudishia, akapanda ngazi kumi na moja akinitangulia, akachukua kile kikombe, akafungua bomba, akaanza kukisugua.